Wimbo Usio na Mlango

Wimbo ule wa tekno, muziki wa dansi wa mashine, niliuhangaikia miezi minne. Mwendo wake ulikuwa mapigo 126 kwa dakika, ufunguo wa D maina, na melodi ya sinthesaiza ilianza tangu sekunde ya kwanza, maana sikuona kwa nini nimcheleweshe msikilizaji. Katikati niliitoa ngoma kabisa, vipimo 64 vya mapigo manne manne, ili melodi ipumue. Nikiusikiliza usiku kwa hedifoni, machozi yalikuwa yananilenga. Nikampa rafiki yangu DJ, naye akaahidi kuupiga.

Siku yenyewe nilisimama karibu na spika ya kushoto, mkono nimeuweka juu ya boksi lake. Rafiki yangu alikuwa ameshaufikisha ukumbi kwenye mapigo 133, hivyo wimbo wangu ilibidi auharakishe kwa asilimia tano na nusu. Sasa, tekno ukiiharakisha hivyo, sauti nayo hupanda. Asilimia 6 hivi inatosha kupandisha nusu toni. Kipo kitufe cha kuushikilia ufunguo, lakini yeye hakipendi, anasema kinalegeza dundo la ngoma. Basi D yangu ikapanda, haikufika D shapu, noti inayofuata juu yake, wala haikubaki ilipokuwa.

Na DJ huuingiza wimbo mpya juu ya ule unaoisha, na ule uliokuwa ukicheza ulikuwa na melodi yake. Zikagombana. Nilimwona ameinama, hedifoni kaibana kwa bega, kidole kimoja kinasogeza kitelezi cha mwendo kidogo kidogo, mkono mwingine unakata besi. Nyimbo nyingi za tekno huanza na ngoma tupu, vipimo 32, ambavyo kwa mwendo ule ni kama sekunde 58, na humo DJ hupanga mambo yake bila mchezaji kushtuka. Wangu haukumpa hata pumzi moja.

Kisha ngoma ikatoka. Karibu dakika mbili! Mwanzoni watu walinyoosha mikono juu wakisubiri. Nusu dakika ikapita, mikono ikaanza kushuka. Dada mmoja mbele yangu akachuchumaa, akafunga kamba ya kiatu taratibu, akainuka, akaenda zake. Bado nakiona kile kiatu.

Alipomaliza zamu yake alinifuata. "Ndugu yangu, melodi yako inazipita zote nilizopiga leo. Lakini umeniletea wimbo uliokwisha. Mimi niingilie wapi?"

Nilikasirika. Nikamtajia "Strings of Life" ya Derrick May wa Detroit, ya mwaka 1987, piano imejaa tele na watu wanaicheza mpaka leo.

"Kaisikilize tena," akasema. "Besi iko wapi?"

Haina besi. Miaka yote ile niliupenda wimbo huo na sikuwahi kugundua.

Toleo langu lililofuata nilikata kila kitu, nikabakiza ngoma na mlio mmoja. Lilichanganyika kama maji na maji. Akalipiga, na hata mimi mwenyewe sikujua limeanza saa ngapi. Nililifuta. Kosa lile naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza angalau lilikuwa na kitu cha kusema.

Mwisho nikairudisha melodi ileile, noti zilezile, kwa mapigo 132. Ngoma tupu vipimo 32 mwanzoni na 32 mwishoni, kimya cha katikati vipimo 16 tu. Na besi yangu, niliyoitengeneza kwa wiki tatu, nikaitoa.

Usiku alioipiga nilisimama palepale. Melodi ilipoingia, chini yake akaleta besi ya santuri nyingine: noti mbili tu, zikishuka kila melodi ilipopanda. Katika miezi yote ile besi hiyo haikuwahi kunijia kichwani. Niliisikia kwanza kwenye kiganja, juu ya lile boksi, kabla haijafika masikioni.