Mshtarii aliwahi sinia

Juzi stima zimepotea mji mzima, tukatoka kukaa barazani huku Langoni, na Lamu giza likiingia ndo utaijua mbingu maana taa za gari zenyewe hakuna, basi mtoto wa ndugu yangu akaiona Mshtarii inawaka akaniuliza, "Ami, shuleni watwambia hii ni kubwa kuliko dunia mara nyingi, kwani sisi mbona tulipunjwa?" Nikamwambia sayari ni ulizaliwa wapi na uliwahi saa ngapi.

Jua lilipokuwa changa, kama miaka bilioni 4.6 nyuma, lilizungukwa na gesi na vumbi limetandaa kama sinia, na sayari zote zimetoka humo. Sasa karibu na jua barafu haikai, ni kama kuacha boksi la samaki wazi pale jeti ya mashua saa sita mchana, kinachobaki cha kujengea ni mawe na chuma tu, ndo sisi na Mirihi na Zuhura. Ukishapita Mirihi kuna mahala baridi inazidi mpaka maji yanaganda kabisa, na barafu nayo ni mali ya kujengea, kwa hivyo Mshtarii akapata kiini kizito haraka kisha akaanza kuivuta gesi yenyewe, leo ana uzito wa dunia 318!! Na haraka ndo mambo yote, maana ile gesi ilikaa miaka milioni chache tu ikatawanyika. Uranusi na Neptuni barafu wanayo tele lakini huko mbali vitu vyakutana polepole, walipokuwa tayari nyama ya pilau ishaliwa. (Hapo kwenye pilau ndo alielewa, kwengine alikuwa aitikia tu.)

Nikajiona mwalimu, halafu nikakumbuka 51 Pegasi b, sayari ya nyota nyengine, si ya jua letu. Hiyo waliitangaza wanafalaki Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995, jitu la gesi lazunguka nyota yake kwa siku 4 na kitu, yaani liko motoni kabisa ambako kwa maelezo yangu halifai kuweko. Wataalamu wengi wa falaki wasema lilizaliwa mbali kisha likahamia ndani.

Kijana akacheka, "Kama yule fundi wa majahazi, miaka yote yuko hapa mtaani na akifungua mdomo tu wajua ni wa kisiwa cha Pate."

Wallahi hata sikuwa na la kuongeza, maana siku hizi wanapima kaboni na oksijeni kwenye hewa za sayari kama hizo wapate kukisia zimezaliwa wapi. Wasikiza lafudhi tu hao.