Siku yangu na faili mama

Saa 2:30 asubuhi. Kazi yetu ni kugeuza vitabu vya zamani kuwa vya kidijitali, na leo sina pa kukwepea: lazima niamue diwani iliyo mezani tuihifadhi kwa muundo gani. Msomaji atapata EPUB, yaani kitabu cha kusomea kwenye simu, au PDF, hilo halina ubishi. Ninachotafuta ni faili mama, lile ambalo hayo mengine yatazaliwa kwake.

Saa 3:15. Nasahihisha kurasa zilizoskaniwa jana. "Mama" kompyuta imeisoma "rnama", kosa la kila siku. Linalonitisha ni "ng'oa" iliyogeuka "ngoa": kikagua tahajia hakipigi kelele, maana ngoa, yaani tamaa, nalo ni neno, na kwenye shairi la mapenzi linakaa vizuri kabisa! Hapo ni jicho tu.

Saa 4:30, chai na chapati. Kijana wetu mpya ananiuliza, "Dada, si tubaki tu na programu ya kawaida ya kuandikia?" Namsimulia yaliyotupata. Kitabu kizima tulikiweka hivyo, herufi za mlazo zikawa na kazi tatu: majina ya vitabu, maneno ya Kiarabu na mkazo. Mteja alipotaka faharasa ya majina ya vitabu peke yake, kompyuta iliona mlazo tu. Tulipitia kurasa zote kwa mkono.

Saa 6:00. Najaribu Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache za muundo. Kwa riwaya naipenda, haina makuu. Kwa ushairi inanishinda: ili mshororo uishie pale unapoishia, kuna kuacha nafasi mbili zisizoonekana mwishoni mwa mstari. Programu yangu ya kuhariri ikazifuta yenyewe nilipohifadhi, beti zote zikawa aya za nathari.

Saa 8:30 mchana, baada ya wali maharage, nafungua TEI, utaratibu wa kutia matini alama zinazosema kila kipande ni nini. Hii ilianzishwa mwaka 1987 na wasomi wa matini, na sasa huandikwa kwa XML, lugha ya alama ambayo kompyuta huisoma. Ina alama zaidi ya 500. Mtu akizitazama zote kwa mkupuo ataacha kazi. Mimi nimechagua 20 hivi. Alama ya lg inafunga ubeti, l inafunga mshororo, caesura inakaa kati ya ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo, pb inashika namba ya ukurasa wa kitabu cha karatasi. Kuandika kunachosha, sikatai. Ila hapa ubeti unaitwa ubeti, utakavyoonekana ni shauri la baadaye.

Saa 10:40. Nageuza shairi moja. Kwenye PDF vipande viwili vimekaa ubavu kwa ubavu kama kitabuni. Kwenye simu ya kijana, kioo chake kidogo na kimepasuka pembeni, utao umeshuka chini ya ukwapi bila kukata neno. Faili ni lile lile.

"Na kile kitabu cha mlazo, dada?"

Nacho kitaanza upya. Jumatatu.