Kumtafuta Kurt Schwitters, kutoka Ambleside hadi Newcastle

Treni ya kwenda Windermere iliniacha Oxenholme kwa dakika mbili tu, nami nikakaa jukwaani karibu saa nzima huku mvua ikinipiga kwa upande, nikimfikiria mtu ambaye hakufika huku kwa hiari kama mimi. Kurt Schwitters, mchoraji aliyezaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1887, alihamia Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, Juni 1945 akiwa mkimbizi wa mara ya pili.

Kabla ya hapo alikuwa na jina kubwa kwao. Aliokota tiketi za basi, vipande vya magazeti, karatasi za peremende na mbao zilizotupwa, akazigandisha pamoja mpaka zikawa picha, na kazi hiyo akaiita Merz, silabi aliyoikata kutoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya biashara. Wanazi walipozitundika kazi zake München mwaka 1937 ili watu wazicheke kama sanaa iliyooza, yeye alikuwa ameshaondoka tangu Januari, amemfuata mwanawe Ernst nchini Norwei; mkewe, Helma, alibaki Hannover. Aprili 1940 Wajerumani waliivamia Norwei, na baba na mwana wakakimbilia kaskazini hadi walipopata meli ya kuvunja barafu, Fridtjof Nansen, iliyowafikisha Uskoti mwezi Juni. Huko walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, naye Schwitters akafungiwa katika kambi ya Hutchinson, kwenye Kisiwa cha Man, hadi Novemba 1941. Vifaa vya sanaa vilikuwa haba, basi akafinyanga sanamu kwa uji wa shayiri uliobaki. Wafungwa wenzake walikumbuka zaidi harufu yake ulipofanya ukungu.

Ambleside ni mji mdogo wa mawe ya kijivu. Nilianzia kwenye Bridge House, kijumba cha vyumba viwili kilichojengwa juu ya kijito, ambacho Schwitters alikichora, kama alivyochora milima na sura za wenyeji, ili apate kodi na chakula. Katika makumbusho ya Armitt nilizitazama picha za namna hiyo kwa muda mrefu. Ni kazi safi za rangi ya mafuta, za kawaida kabisa, na asiyejua habari zake angedhani zimechorwa na mtu mwingine. Wapo wanaozidharau kwa kuwa zilikuwa za kuuzwa. Mimi sioni aibu yoyote ndani yake. Aliishi hapa na Edith Thomas, mwanamke wa London ambaye Schwitters alimpa jina la utani Wantee kwa sababu kila mara mwanamke huyo alikuwa akimuuliza kwa Kiingereza, “Want tea?”, yaani kama anataka chai. Helma alikuwa amefariki Hannover Oktoba 1944 kwa saratani, bila kuonana naye tena tangu vita vianze.

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria nililikuta jiwe lenye jina lake, lakini kaburi ni tupu: mwaka 1970 mabaki yake yalihamishiwa Hannover.

Kesho yake nilipanda basi hadi Elterwater, nikatembea hadi kwenye eneo la Cylinders, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya kiwanda cha baruti. Mwenye ardhi, Harry Pierce, alimruhusu Schwitters atumie ghala lake la mawe. Jengo la Merz alilokuwa amelikuza kwa miaka mingi ndani ya nyumba yake Hannover lilikuwa limeteketezwa kwa mabomu mwaka 1943, na fedha alizopewa mwaka 1947 na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York zilimwezesha kuanza upya hapa, akiwa mgonjwa, majira ya baridi yakikaribia. Alifikia ukuta mmoja, nao hakuumaliza. Tarehe 7 Januari 1948 alipata habari kwamba amekubaliwa kuwa raia wa Uingereza; siku iliyofuata akafariki hospitalini Kendal.

Ghala nililiona kwa nje tu. Nililizunguka, nikagusa mawe yaliyoota kuvu, nikijua kwamba nilichokuja kukitazama hakimo: mwaka 1965 ukuta ule ulichukuliwa mzimamzima hadi Newcastle pamoja na mawe yake, kwa sababu lipu haikuweza kubanduliwa salama.

Basi nikaenda Newcastle. Katika jumba la Hatton, ndani ya chuo kikuu, ukuta unasimama peke yake, mweupe wenye kutu na kijani, ukiwa na matuta kama mchanga uliochorwa na maji ya bahari. Niliinama hadi nikaona kichwa cha ndoo ya kumwagilia ya mtoto, mpira mdogo, waya na kipande cha fremu ya picha, vyote vimezama nusu ndani ya lipu. Nilitaka kuuona mgongo wake, yale mawe ya Elterwater yaliyokuwa yakipigwa na mvua, lakini umejengewa ndani ya jumba lenyewe, na nyuma yake hakuna pa kupita.