Kumbukumbu ya mradi: fremu zinazochelewa

Wiki ya tano ya kicheza video changu. Jana usiku picha iliganda. Msemaji kwenye video alibaki mdomo wazi, mkono hewani, huku maneno yake yakiendelea kusikika bila kukatika.

Kosa lilikuwa kwenye kanuni niliyoandika mwenyewe. Sauti ndiyo saa kuu, maana sikio hunasa hata mkatiko mdogo, ilhali jicho husamehe fremu moja iliyopotea, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Kila fremu ina muda wake wa kuonyeshwa. Saa ya sauti ikiupita, naitupa bila kuichora. Sasa, video ya fremu 60 kwa sekunde inanipa milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu, na nilipopima, dekoda, sehemu inayofungua video iliyobanwa kuwa picha, peke yake ilikuwa inakula 22. Basi kila fremu ilifika imechelewa, na kila iliyofika ikatupwa. Nilikuwa naokoa kazi ya kuchora tu, wakati kazi nzito imeshafanyika.

Leo nimehamishia utupaji kwenye dekoda yenyewe. Kwanza nilitupa pakiti yoyote iliyochelewa, yaani kipande cha data ya video kisichofunguliwa bado, nikajionea: fremu ya P, inayobeba tofauti tu na fremu nyingine, ikikosekana, zote zilizojengwa juu yake huharibika. Uso wa yule msemaji uliburuza vipande vya kijivu hadi ilipofika fremu ya I, iliyo picha kamili isiyotegemea nyingine. Sirudii. Libavcodec, maktaba ya programu ninayofungulia video, ina mpangilio wa skip_frame. Nikiuweka AVDISCARD_NONREF, inaruka zile tu ambazo hakuna fremu nyingine inayozitegemea, mara nyingi za B, zinazojengwa kutokana na fremu za kabla na za baada yake. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta wiki nzima!

Kuruka kunaanza ucheleweshaji ukizidi milisekunde 100, na hakuachi mpaka ushuke chini ya 20. Nilipoweka kizingiti kimoja cha kuanzia na kuachia, kulikuwa kunawaka na kuzima mfululizo, mwendo ukawa wa kushtukashtuka. Na iwe iwavyo, katika kila fremu nane zinazotoka kwenye dekoda, moja lazima ichorwe, hata kama imechelewa.

Video ileile imekwenda mwanzo hadi mwisho. Kamera inapogeuka kwa kasi bado mapengo yanaonekana, ila midomo na maneno viko pamoja.

Kesho ni zamu ya kusogeza mbele. Ukiruka dakika chache, saa ya sauti inaanza kutembea kabla picha ya kwanza haijawa tayari, na fremu zote za mwanzo zinahesabiwa kuwa zimechelewa.