Pasiwedi ya kichwani

Juzi jioni tuko kijiweni Ngamiani na kahawa yetu, mpwa wangu kaja na baiskeli hata hajaiegesha sawasawa ananiambia mjomba nimepata dawa, yale maneno 12 ya siri ya waleti, ile pochi ya Bitcoin kwenye simu, sihangaiki nayo tena, karatasi niliyoyaandikia mama akifagia chumba anaitupa, kuna programu naiandikia pasiwedi tu inanitolea ufunguo wa Bitcoin, ile siri ya kutolea hela, natembea nao kichwani. Pasiwedi yenyewe ipi? Kacheka. "Waja leo waondoka leo." Yaani msemo ambao mtoto wa Tanga anaujua kabla hajajua kusoma!

Nikamwambia lete simu. Nikafungua sehemu ya kupiga heshi ya SHA-256, yaani hesabu inayogeuza maneno yoyote kuwa mstari wa herufi na namba, ndo hiyohiyo programu yake inayotumia, nikaandika 123456, ikatoka 8d969eef ikaendelea mpaka zikatimia herufi na namba 64. Nikafuta, nikaandika tena, ileile. Mtu yuko Brazili akiandika 123456 anapata hiyohiyo, na hizo 64 ndo ufunguo wenyewe, hakuna kingine. Hapo uso ukaanza kumshuka.

Yeye kazoea PIN ya pesa za simu, namba 4 tu lakini ukikosea kosea inafungwa mpaka uwapigie. Kwenye Bitcoin hakuna wa kukufungia. Mwizi simu yako haigusi wala hajui kama upo duniani, anakaa na kompyuta yake anapiga heshi ya kila neno, kila msemo, kila shairi, kila heshi anaitolea anwani yake, ile kama namba ya akaunti, halafu analinganisha na anwani zenye salio, ambazo ziko wazi kila mtu anaziona. Mwaka 2015 mtafiti Ryan Castellucci alionyesha programu ya hivyo, Brainflayer, kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi kule Las Vegas, na utafiti wa 2016 alioshiriki ulikuta waleti 884 za pasiwedi ya kichwani, karibu zote zishakombwa.

Sasa mbona waleti yangu hii nayo inaniomba pasiwedi? Ehee, hapo ndo wengi wanapochanganya. Hiyo inafunga tu faili lililo kwenye simu yako, ufunguo ulioko ndani ulitolewa na mashine kwa kubahatisha, mwizi lazima kwanza alipate hilo faili, na wewe ukiisahau yale maneno 12 yanakurudisha. Ile ya kichwani ndo ufunguo wenyewe, ukisahau kama uliweka nafasi au hukuweka, kwisha habari. Nikamjaribishia Waja kwa W kubwa kisha kwa ndogo, heshi mbili hazijuani kabisa.

Na yale 12 mashine inayaokota kwenye orodha ya maneno 2048, haina mapenzi na neno lolote. Sisi tukiambiwa tuchague ovyo tunakimbilia jina la mama na mwaka wa kuzaliwa, na huyu ninavyomjua angemalizia na Coastal Union.

Kaondoka na kalamu yangu. Karatasi kasema ataificha kwenye sanduku la bibi, chini ya khanga, huko mama yake hafagii.