Barua ya Debe la Mahindi

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya kata, juu milimani huko Same. Mada ilikuwa barua rasmi, na wanafunzi walikuwa wameikariri kama sala: anwani mbili, tarehe, "Yah:" ya kutaja barua yahusu nini, hadi "Wako katika ujenzi wa taifa". Siku hizo mkuu wa shule alitaka wazazi waandikiwe kuhusu michango ya makande ya mchana. Nikamwomba kazi hiyo aliachie darasa langu.

Barua zilikuja tamu kweli. "Kwa heshima na taadhima, naomba kuchukua fursa hii adhimu..." Mtahini angezipa alama nzuri tu. Lakini mzazi si mtahini, kwa hiyo nikamwita mama mpishi, ambaye mwanawe alikuwa darasa hilohilo, asomewe mojawapo.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono ina unga.

"Nzuri, wanangu. Sasa nilete nini?"

Darasa likaangua kicheko, aliyesoma hakucheka. Debe la mahindi lilikuwa limejificha aya ya tatu, nyuma ya umuhimu wa lishe bora kwa taifa, na siku ya kuleta haikutajwa kabisa.

"Na mahindi yawe yamekobolewa? Halafu pesa ya chumvi na mafuta iandikeni kwa tarakimu, kubwa. Wengine kusoma kunatushinda, barua mnatusomea nyinyi wenyewe. Shilingi 2,000 ikishapanda huu mlima inakuwa 5,000. Tarakimu nazijua."

Vijana wa nyuma wakainamia madaftari. Vitabu vyetu vilitaja mwandishi na mwandikiwa. Huyu wa katikati, anayesoma kwa sauti huku akiwaza maandazi ya kesho, hakuwamo.

Wakaandika upya. "Mzazi, tunaomba ulete debe 1 la mahindi yaliyokobolewa, kilo 5 za maharage na shilingi 2,000, Jumatatu asubuhi." Heshima ilibaki kwenye salamu, lishe ikafutwa. Muhuri ndio mama aliokataa uguswe: bila muhuri hatoi hata punje.

Mkuu wa shule aliisoma, akauliza "Yah:" imekwenda wapi. Tukairudisha. Mama mpishi akasema haina neno, mwanawe ataanzia chini yake.