Mbona yeye anajificha?

Jana nilimpeleka mama kupiga picha ya kifua (eksirei) hapa Mtwara mjini. Tumetoka Mikindani alfajiri, kikohozi kina wiki ya tatu. Kufika mlangoni akaona ile alama ya mionzi, akagoma.

"Mwanangu, hii si inaleta saratani?"

Mhudumu akadakia, "Bibi, haina madhara yoyote." Hapo ndipo alipoharibu. Mama akamtazama: "Kama haina, mbona wewe unajificha nyuma ya ukuta?"

Swali zito, jamani. Tukakaa kwenye benchi, nikamweleza kwamba mionzi ipo siku zote, inatoka ardhini, angani, hata kwenye korosho tunazotafuna imo kidogo. Kwa wastani duniani mtu hupata kama milisiveti 2.4 (ndicho kipimo cha mionzi inayomfikia mtu) kwa mwaka bila kupigwa picha yoyote. Picha moja ya kifua ni kama 0.1, yaani sawa na mionzi unayopata kwa wiki mbili za maisha ya kawaida tu. Yule kijana anapiga picha za watu kutwa, mwaka mzima. Akisimama humo kila mara, vidogo vyake vinajumlishana.

Sikumwambia hatari ni sifuri. Nilimwambia ni ndogo sana, na kikohozi tusichokijua kinanitisha zaidi. (CT ya kifua, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni habari nyingine, inafika milisiveti 6 au 7, haipigwi hovyo. Na mwenye mimba aseme mapema.)

Akakaza kanga, akaingia. Dakika mbili katoka: "Ndiyo hiyo tu? Mie nilidhani itawasha."